Pompo ya maji ya mwipwa wangu



Labda utashangaa kuona mchungaji anaandika juu ya pompo. Mimi mwenyewe nashangaa. Lakini najua vijana wengi wa garaji wanasoma kurasa hizi, na wazazi wao pia, na habari hii inawahusu wote. Inamhusu kijana anayetaka kununua pompo ya umeme kwa motere ndogo ya mashindano. Tena inamhusu mzee anayempa shauri bila kujua kitu. Mzee huyo ni mimi.

Mwipwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 22 na anafanya kazi katika garaji moja hapa Lubumbashi. Alinunua pikipiki ya mashindano ya vumbi, 125, kwa mzungu mmoja aliyemaliza kontra ya migodi na kurudi kwao. Bei ilikuwa ndogo kwa sababu pikipiki ilikuwa imekufa. Siku moja akanijia nyumbani na chupa mkononi. Ndani mlikuwa mafuta meupe sawa na maziwa.

“Mjomba, angalia mafuta ya buati ya vitesi. Maji yanaingia.”

Msomaji, usifikiri pikipiki ya wewa. Ile inapozwa na upepo tu, ndiyo maana silinda yake ina mapezi ya chuma kama ya samaki. Motere ya wewa ya 125 inatoa kilowati 8 hivi. Motere ya mashindano ya mapigo mawili, ile inayokunywa esansi iliyochanganywa na mafuta, kwa silinda ya ukubwa uleule inatoa kilowati 25 hivi. Moto wote huo katika chuma kidogo hivyo, upepo peke yake hautoshi. Kwa hiyo wanazungusha maji kuizunguka silinda, yanachukua joto, yanakwenda kulitupa katika radiateri, yanarudi. Anayeyazungusha ni pompo, kijigurudumu chenye mabawa, kinachozungushwa na motere yenyewe.

Ya mwipwa wangu ilikuwa imeliwa. Kwa miaka watu walikuwa wanatia ndani maji ya kawaida, bila dawa ya kuzuia kutu, na chuma cha kifuniko kikaoza mahali mpira wa pompo unapokaa. Ukitia mpira mpya, unavuja tena. Kifuniko kipya alikitafuta hapa, akatuma watu Zambia, wakarudi bure. Ndipo akaamua kufunga ile njia ya zamani kabisa na kutia pompo ya umeme nje ya motere.

Shauri lake lilikuwa zuri. Pompo za namna hii si mchezo. BMW ilianza kuzitia katika motere zake za silinda sita tangu mwaka 2004, na gari za Toyota Prius zinazo pia. Ila pikipiki yake haina batri kama gari. Kura yake ndogo inatosha kuwasha plagi tu. Basi pompo itakula batri ambayo hakuna kitu kinachoijaza njiani. Hilo alikuwa amekwisha kuliona. Alikuwa ameliandika katika kaye yake, ukurasa mzima, na mimi sikuusoma.

Feza zilitoka kwa mama yake. Zamu yake ya likelemba ilikuwa imefika, akampa mtoto dolari 150, akaniambia mimi: “Yaya, umsindikize, wasimdanganye.” Basi tukaenda dukani pamoja.

Palikuwa na pompo mbili. Moja ndogo, ya kuenea kiganjani, ya kuzungusha maji ya moto ya gari wakati wa baridi. Katika nchi za theluji inapasha watu joto ndani ya gari. Karatasi yake ilisema litri 20 kwa dakika, na inakula ampere moja na nusu hivi. Bei, dolari 60. Ya pili kubwa, nzuri kwa macho, imeandikwa juu ya sanduku litri 80 kwa dakika. Bei, dolari 110.

Mwipwa wangu akashika ile ndogo. Mimi nikamwuliza mbele ya mwenye duka na watu wengine: “Wewe uliyesoma shule, unaacha 80 na kuchukua 20? Motere ya mashindano si chungu cha chai!” Watu wakacheka. Akafungua kinywa kusema jambo, akatazama kaye, akanitazama mimi.

“Sawa, mjomba.”

Yeye hakukubali hata kidogo. Aliniheshimu tu. Na mimi nilitoka pale nimejaa furaha ya mtu aliyesaidia jamaa yake.

Pompo ilifungwa. Siku mbili za kwanza alikuwa anazunguka dakika tano, sita, anasimama, na mambo yalikuwa mazuri. Jumamosi ya tatu tulikwenda naye uwanjani, nje ya mji, ajizoeze kama siku ya mashindano, bila kusimama. Batri ilikuwa ndogo, ya ampere-saa 4, kwa sababu katika mashindano kila kilo ni adui. Ile pompo kubwa ilikuwa inakula ampere 8. Ukigawanya utasema nusu saa. Lakini hesabu ya batri inaandikwa kwa kazi ya polepole, ya saa nyingi. Ukiinyonya kwa haraka, haikupi yote. Hakufika dakika 20.

Tulisikia sauti ya motere ikawa nzito, kisha ikakatika. Maji yalikuwa yamesimama, pistoni ikavimba ndani ya silinda, ikakwama, na gurudumu la nyuma likafungwa palepale. Waendeshaji wa motere hizi wanazoea kuweka vidole viwili juu ya ambreyaji kwa ajili ya saa hiyo. Alikuwa navyo, akabonyeza, lakini alikuwa katika kona. Akaanguka. Alivunjika ule mfupa ulio kati ya shingo na bega, na ngozi ya mkono ikabaki katika vumbi.

Kipimo cha joto alikuwa nacho, na hakikusema kitu. Kilikuwa katika tuyo. Maji yaliposimama, kiliendelea kupima maji ya tuyo, na maji yaliyokuwa yanachemka ndani ya silinda hayakukifikia. Kijana unayesoma, shika neno hili: pompo ya zamani inazunguka kila wakati motere inapozunguka, lakini pompo ya umeme inaweza kufa kimya, na motere haijui. Weka kipimo karibu sana na silinda, na taa ya kukuonyesha nguvu ya batri inaposhuka.

Dada yangu hakunigombeza. Alikaa katika lupitali kando ya kitanda na hakusema nami siku ile. Ningependa angenigombeza.

Katika kanisa letu yuko mzee mmoja aliyefanya kazi ya ekzore katika mgodi wa Kipushi, kazi ya kutoa maji chini ya ardhi. Wenyeji wa Kipushi wanajua kazi ile ni nini. Uchimbaji ulisimama mwaka 1993, lakini pompo hazikuweza kusimama, kwa sababu maji hayana likizo. Mwaka 2011 pompo kubwa ziliposhindwa, maji yakapanda na kufunika kazi ya chini, na kuyatoa kulichukua miaka. Zinki ilianza kutoka tena mwaka 2024 tu. Mzee huyo alikuja kumwona mgonjwa, akasikia habari yote, akaniuliza mimi: “Mchungaji, zile litri 80, ni kwa mita ngapi?”

Nikasema sijui.

“Kumbe ulinunua nusu ya pompo.”

Akaeleza kwamba katika mgodi hakuna anayeuliza litri peke yake. Unauliza litri na urefu wa kupanda, vyote viwili pamoja. Pompo isiyosukuma kinyume cha kitu chochote inatoa litri zote zilizoandikwa juu ya sanduku. Kadiri unavyoipa kazi, litri zinapungua, hata unafika mahali inazunguka na maji hayatoki. Wenye kiwanda kizuri wanaitia habari hiyo katika mchoro mmoja wa mstari unaoshuka. Mchoro ule ulikuwa ndani ya sanduku letu. Nilikuwa nimeutupa.

Hapo mwipwa wangu, mkono umefungwa kifuani, akasema kwa heshima: “Mzee, lakini kwetu maji hayapandi kwenda mbali. Yanapanda na kurudi. Yale yanayoshuka yanavuta yale yanayopanda. Kilichobaki ni kusuguana tu, ndani ya tuyo na radiateri.”

Mzee akacheka mpaka muuguzi akachungulia. “Iko kweli! Huyu njo alipaswa kuchagua.” Mimi nilikaa kimya katika kiti changu.

Mfupa uliposhikana, tulifanya jaribio la mzee, na wewe unaweza kulifanya bila feza. Chukua radiateri yako mwenyewe, silinda yako, matuyo yako, vyote vifungwe kama vitakavyokuwa. Katikati ya mzunguko fungua tuyo moja. Upande mmoja unyonye katika pipa la maji, upande mwingine umwage katika ndoo ya litri 10, midomo miwili iwe karibu urefu mmoja toka chini. Washa pompo kwa batri, tazama saa.

Ile kubwa ilijaza ndoo kwa sekunde 22. Maana yake litri 27 kwa dakika. Zile 80 zilikwenda wapi? Zilibaki juu ya sanduku. Tuyo zetu ni za milimita 16 na njia za silinda ni nyembamba kuliko hizo. Tulipoazima pompo ndogo, ikajaza kwa sekunde 42, ndiyo litri 14. Mwipwa wangu akanifungulia kaye, ukurasa uleule wa zamani. Litri moja ya maji inahitaji kilojuli 4,2 kupanda digri moja. Tuseme motere inatia katika maji kilowati 15 ikiwa imefunguliwa yote. Kwa litri 14, maji yatatoka yamepanda digri 15 hivi kuliko yalivyoingia. Kwa litri 27, digri 8. Zote mbili motere inazivumilia, kwa sababu anayetupa joto nje ni radiateri, na pompo inalipeleka tu. Lakini kwa ampere moja na nusu, batri ileile ingemchukua zaidi ya saa mbili. Tena uwanjani hakuna anayefungua gesi yote dakika 20 mfululizo, kuna kona na mashimo. Vile vyote alikuwa ameviandika kabla hatujakwenda dukani.

Mambo machache nilijifunza kwake baadaye, nayaacha hapa kwa anayeyahitaji. Usinunue pompo ya bustani wala ya kuoshea kioo cha gari, hata kama litri zinalingana. Zile zimefanywa kwa maji baridi, na digri 90 zinazila kwa siku chache. Uliza inavumilia joto gani. Ifunge chini, maji yaifikie yenyewe bila kuvutwa, upande wa maji yanayotoka katika radiateri, kwa sababu pompo ya namna hii haijui kunyonya hewa. Toa hewa yote kabla ya kuwasha motere. Ukisha kuzima motere, acha pompo ifanye kazi dakika mbili zaidi, chuma bado kina moto mwingi. Hiyo ni faida ambayo pompo ya zamani haikuwa nayo. Wako wanaosema pompo ya umeme inaongeza nguvu za farasi. Kwa motere ya 125 ni kidogo, usiuze mbuzi kwa ajili hiyo. Na maji yawe safi, ya batri, pamoja na dawa ya kutu. Ila ukishindana juu ya lami, soma sheria kwanza. Chama cha dunia cha FIM kinakataza dawa ya glikoli katika mbio za lami, sababu ikimwagika inateleza na wanaofuata nyuma wanaanguka.

Duka lilikataa kurudisha feza. Pistoni mpya, kazi ya silinda na pompo ndogo nililipa mimi. Dada yangu nilimrudishia dolari zake mara mbili, nusu na nusu, na mara ya pili alinipikia bukari na tumbaku mbichi la maneno yote aliyoyaficha lupitalini. Nilikula vyote.

Mwezi uliopita mwipwa wangu alirudia lile jaribio la ndoo, maana alibadili tuyo moja. Aliniita nishike saa.

“Ngapi, mjomba?”

“Makumi ine na moja.”

“Sawa,” akasema, akaandika.

Ile pompo kubwa ingali nyumbani kwangu, ndani ya sanduku lake, na mchoro nimeuokota na kuurudisha. Ni pompo nzuri, kwa gari. Mwenye motere kubwa na batri inayojazwa vizuri akiihitaji, anione Jumapili kisha ibada. Lakini aje na hesabu yake.