Mto Kiwira Unatufundisha Kufuga Samaki

Ndugu msomaji, karibu Kiwira. Ukitoka Mbeya kwa gari kwenda Tukuyu, utapita hapa kabla ya kufika Tukuyu mjini. Kama hakuna mawingu, utauona Mlima Rungwe upande wako wa kushoto. Utaona migomba, mahindi, viazi na mashamba ya chai. Mvua yetu ni nyingi, na maji yetu ni baridi.

Mto Kiwira unapita hapa ukielekea Ziwa Nyasa. Wageni huja kuona Daraja la Mungu. Hilo ni daraja la mwamba juu ya mto. Halikujengwa na mtu. Lilitokana na mawe ya moto ya volkano, yaliyopoa zamani sana. Wageni huenda pia Kijungu. Hapo maji huanguka kwa nguvu ndani ya shimo la mwamba lenye umbo la chungu. Huzunguka, hupiga mawe, na kutoa povu jeupe.

Wewe mfugaji wa samaki, litazame povu lile. Lile ni hewa inayoingia ndani ya maji. Samaki huvuta hewa hiyo kama wewe unavyovuta hewa ya nje. Hewa ikipungua ndani ya maji, samaki hufa hata kama bwawa limejaa.

Sasa tuuache mto, twende nyuma ya nyumba. Wakulima wengi wa Rungwe wana bwawa dogo la perege karibu na migomba. Nataka kukueleza kosa nililolifanya mimi, Bwana Shamba, katika bwawa moja la namna hiyo.

Samaki walioamka mapema

Ilikuwa mwezi wa Machi, mwaka 2018. Mama mmoja alikuwa na bwawa la mita 10 kwa mita 10, na perege 200. Nilimwambia aweke samadi ya ng'ombe ili maji yawe ya kijani. Lakini sikumwambia mahali pa kuacha. Tena nilimwambia kwamba samaki wakija juu, wana njaa.

Yule mama aliweka samadi kila wiki. Maji yakawa ya kijani kizito. Zikaja siku tatu za mawingu bila jua. Siku ya tatu alfajiri aliwakuta samaki wote juu ya maji, wakifungua na kufunga midomo. Alifurahi. Alisema, "Leo watoto wangu wameniamkia!" Akawatupia pumba nyingi.

Kesho yake asubuhi aliniita. Perege walikuwa wanaelea, matumbo juu. Walibaki wachache tu. Fedha ile ilikuwa ya sare za shule za wajukuu wake. Aliniambia, "Bwana Shamba, nilifanya kama ulivyosema." Sikuwa na jibu.

Kwa nini walikufa?

Maji ya kijani yana vijimea vidogo sana. Ni chakula cha perege. Mchana, vijimea hivyo hutumia mwanga wa jua na kutoa hewa ndani ya maji. Usiku havitoi. Vyenyewe huvuta hewa, sawa na samaki. Samadi na pumba zinazooza pia humaliza hewa. Kwa hiyo hewa huwa kidogo kabisa alfajiri. Siku za mawingu hali huwa mbaya zaidi.

Samaki wanaofungua midomo juu ya maji alfajiri hawaombi chakula. Wanatafuta hewa. Ukiwapa pumba wakati huo, unawaongezea taabu.

Fanya hivi

1. Pima maji kwa mkono. Simama mahali ambapo hujachafua maji. Ingiza mkono mpaka kiwiko. Kama kiganja kinapotea kabla maji hayajafika kiwikoni, acha samadi. Kama unakiona vizuri kabisa, chakula ni kidogo. Ongeza samadi kidogo. Kama maji ni mekundu kwa udongo, kipimo hiki hakifai. Zuia kwanza udongo unaoingia.

2. Weka samadi katika pembe moja tu. Izungushie uzio wa vijiti. Ikizidi, utaweza kuitoa.

3. Angusha maji kutoka juu. Usiingize mfereji chinichini. Tumia mwanzi uliotobolewa, mdomo wake uwe nusu mita juu ya bwawa. Weka jiwe chini yake ili maji yapige na kurukaruka. Funga wavu mdomoni ili samaki wa mtoni wasiingie. Hapo umejenga Kijungu chako nyumbani.

4. Usiache maji yapite mchana na usiku. Maji yetu ni baridi, na perege hapendi baridi. Tena maji yanayopita siku zote huondoa vijimea. Fungulia siku za mawingu, au alfajiri ukiona dalili ya hatari.

5. Ukikuta midomo juu ya maji, usilishe. Fungulia mwanzi mara moja. Kama una bomba la kutolea maji chini, toa maji ya chini, kwa sababu hayo ndiyo yenye hewa kidogo. Kama huna mfereji, chota maji ya bwawa kwa ndoo na kuyamwaga kutoka juu. Waite na watoto wasaidie. Endelea mpaka samaki washuke.

Nitawaonaje samaki wangu?

Wengine huniambia, "Bwana Shamba, maji ya kijani yananificha samaki. Nataka maji meupe." Ndugu yangu, maji meupe ya kupendeza macho yana chakula kidogo. Wape chakula saa ileile, mahali palepale, jua likiwa limepanda. Samaki watazoea na watakusanyika. Hapo utawaona wote. Mzima hula kwa haraka. Mgonjwa hubaki nyuma. Wape kiasi watakachomaliza kwa robo saa, usizidishe.

Yule mama alipanda tena perege mwaka uliofuata. Mwanzi ule wa kwanza niliutoboa mimi mwenyewe, na jiwe alilichagua yeye. Sasa kila alfajiri huenda bwawani kabla ya kuwasha moto. Akikuta maji yametulia na hakuna mdomo hata mmoja juu, hurudi jikoni akiwa na amani.

Nawe kesho amka mapema. Kabla jua halijatoka, nenda ukalitazame bwawa lako.