Uzito Chini ya Kerezo

Kerezo ni mashine inayozungusha kipande cha mbao kwa kasi huku patasi ikikikata hadi kiwe mviringo, na vitabu vya useremala vinapoieleza huanza na mota, puli na urefu wa kitanda chake, stendi inayoibeba ikiachwa hadi ukurasa wa mwisho kana kwamba ni meza tu. Fundi ambaye maisha yake ya kazi yanasimuliwa hapa, na ambaye ndiye mwandishi wa kurasa hizi, alikereza miguu ya vitanda, nguzo za ngazi na miti ya kusukumia chapati katika miji ya Malaba na Busia, upande wa Kenya wa mpaka wa Uganda, kwa zaidi ya miaka ishirini. Katika muda huo alinunua kerezo mbili na kujenga stendi nne, na akiulizwa alijifunzia wapi ukerezaji hujibu kwamba alijifunzia chini ya mashine, akiwa amepiga magoti na spana mkononi.

Wakereza wa jadi wa Misri na India hawakuijua shida ya stendi. Walikaa chini, wakauzungusha mti kwa uta, yaani kijiti chenye kamba iliyouzingira mti huo na kuvutwa mbele na nyuma kwa mkono mmoja, huku patasi wakiishika kwa mkono wa pili na vidole vya mguu, hivyo ardhi yenyewe ikawa stendi yao. Mkereza wa leo anafanya kazi akiwa wima, na tangu alipoinuka analazimika kujenga chini ya mashine yake kitu kitakachotulia kama ardhi ilivyotulia.

Haja hiyo inaweza kupigiwa hesabu. Gogo linalofungwa kwenye kerezo kwa mara ya kwanza haliwi na uzito sawa pande zote, kwani huku kuna fundo na kule kuna ganda, na nguvu inayouvuta upande mzito kutoka kwenye mhimili, yaani mstari wa katikati ambao mti unauzunguka, huongezeka kwa mraba wa kasi. Nusu kilo iliyozidi upande mmoja, ikiwa sentimita 10 kutoka mhimilini, huvuta kama mzigo wa kilo 20 mti unapozunguka mara 600 kwa dakika. Kasi ikifikishwa 1200, mvuto haupandi hadi 40, kama mafundi wengi wanavyokisia, bali hadi 80, nao huzunguka pande zote mara 20 kila sekunde. Kerezo ya kwanza ya fundi ilikuwa na kilo 60 hivi. Mashine ya kilo 60 inayovutwa kwa kilo 80, sasa juu, sasa chini, haina budi kurukaruka isipofungwa kwenye kitu kizito kuliko yenyewe, na hapo ndipo neno stendi linapopotosha, kwa kuwa kuiinua mashine ni kazi yake ya pili. Ya kwanza ni kuizuia isiinuke.

Stendi ya kwanza ilijengwa Malaba kwa mkaratusi uliokatwa wiki hiyohiyo na kupigiliwa misumari ya inchi sita. Wakati huo malori ya kwenda Uganda, Rwanda na Kongo yalipanga foleni za siku kadhaa mpakani, madereva wakilala katika gesti za mji, na gesti zilihitaji vitanda, kwa hiyo kazi haikungoja mbao zikauke. Mkaratusi unapopoteza maji husinyaa, hujipinda na kupasuka kuanzia kichwani, na msumari uliopigiliwa mti ukiwa mbichi hubaki ukicheza ndani ya tundu lililopanuka. Miezi miwili haikuisha kabla mashine haijaanza kutembea: asubuhi ilikuwa kando ya ukuta, jioni ilikuwa imeusogelea mlango kwa upana wa kiganja, na muuza chai wa jirani akazoea kuchungulia na kuuliza, "Fundi, leo mashine imefika wapi? Isije ikavuka mpaka bila kitambulisho."

Stendi ya pili ilizaliwa na hasira. Fundi alidhani chuma kingemaliza ugonjwa ulioletwa na mbao, akaenda kwa wachomeleaji wanaokarabati matrela kando ya barabara kuu, akaundiwa kiunzi cha vyuma vya pembe, yaani vyuma virefu vyenye umbo la herufi L. Kiunzi kilipendeza macho, lakini chuma kilichochomelewa hujivuta kinapopoa, na mguu mmoja ulibaki hewani kwa unene wa sarafu mbili. Mama apikaye juu ya mafiga matatu hahitaji kabari, kwa sababu ncha tatu hupatana na ardhi ya namna yoyote. Miguu minne hudai ama sakafu iliyonyooka ama kabari, na fundi, badala ya kuchonga kabari ya dakika tano, alikaza bolti kwa nguvu ili mguu ule ushuke. Kiunzi kilichopinda kikakipinda na kitanda cha kerezo, yaani reli mbili zinazobeba kichwa chenye kuzungusha upande mmoja na mkia unaoshikilia mwisho wa mti upande wa pili. Ncha ya kichwa na ncha ya mkia, ambazo zikisogezwa hutakiwa kukutana kama sindano mbili, zikapishana kwa milimita tatu. Tangu siku hiyo kila mti ulilegea upande wa mkia na kulia kama mlango usiotiwa mafuta. Chuma kitupu, isitoshe, hakimezi mtikisiko bali huuimba, na majirani waliujua mwanzo na mwisho wa siku ya kazi bila kutazama saa.

Ya tatu ndiyo ambayo fundi huihesabu kuwa kazi yake bora, mbele ya samani zote alizowahi kuuza. Miguu yake minne ya mvule, kila mmoja sentimita 12 kwa 12, ilisimamishwa kwa mshazari, ikiachana kwa sentimita 40 juu na 65 chini, ikaunganishwa kwa ulimi na tundu, yaani kichwa cha mbao moja kilichopunguzwa unene na kuingizwa katika shimo la nyingine, kisha bolti zikapitishwa ili kiungo kikilegea kikazwe. Mvule ni mti wa asili wa magharibi mwa Kenya na wa Busoga ng'ambo ya mpaka, na ukishakauka vizuri hausogei ovyo. Kati ya miguu hiyo lilikaa sanduku la urefu wa mita moja, upana wa sentimita 40 na kina cha 20, yaani lita 80, na kwa kuwa lita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa takribani kilo 1.6, sanduku hilo peke yake liliongeza kilo 128. Chini yake zililazwa drumu mbili za breki za lori, zilizochakaa na kununuliwa kihalali gereji, kila moja zaidi ya kilo 40. (Reli ya zamani inayopita Malaba kwenda Tororo na Kampala iliwafanya watu fulani wamnong'oneze fundi kuhusu vipande vya chuma kizito zaidi kwa bei ya kutupa, lakini hakuvigusa, hata kabla serikali haijasimamisha biashara yote ya chuma chakavu mnamo Januari 2022 kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu.)

Kosa lilikuwa katika mchanga. Uliletwa kutoka mtoni wakati wa masika na kumiminwa ukiwa umelowa, kwa sababu kitanda cha mteja kilikuwa kinangojwa. Msimu mmoja baadaye sakafu ya sanduku ilikuwa imeoza, bolti zimeota kutu, na asubuhi moja ikaachia, mchanga ukamwagika hadi kwenye vifundo vya miguu ya fundi huku mashine ikizunguka. Ulianikwa juu ya mabati siku tatu, ukachekechwa na kutiwa katika nailoni nzito. Mchanga ulioiva juani hutiririka vidoleni kama sukari, na ule mbichi hushikana kama ugali. Fundi hakuhitaji kipimo kingine tangu hapo.

Februari 2018 ilileta mambo mawili yaliyomhamisha. Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walizindua kituo cha pamoja cha mpaka cha Busia, ambapo msafiri na mzigo hukaguliwa mara moja tu, upande wa nchi anayoingia. Na mwezi huohuo serikali ya Kenya ikapiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, marufuku iliyoendelea hadi 2023. Mbao za msaiprasi zikapanda bei, maagizo ya gesti za Malaba yalikuwa yamekwisha kupungua, na fundi akahamia Busia, ambako, kituo kilipofunguliwa, wenye nyumba za ghorofa walitaka nguzo za ngazi. Kerezo ilibebwa kwa pikapu. Stendi ilikataa kupita mlangoni hadi ilipomwagwa mchanga, na ndani yake, kwa njia isiyoelezeka kwa kuwa nailoni ilikuwa nzima, mlikutwa bobari ndogo, yaani patasi ya mfereji, ambayo mwanagenzi mmoja alikuwa ameshukiwa kuiiba.

Busia wateja waliingia karakanani wakiwa na viatu safi, na kwa ajili yao stendi ya nne ikawa kabati. Fundi hana sifa nyingi za kuitolea. Droo zilizo chini ya kitanda cha kerezo hujaa maranda, yale masalia membamba ya mbao iliyokatwa, hata zikifungwa, na kila droo ni nafasi ambayo mchanga ungekaa. Aliikubali baada ya kuweka kifuniko cha mshazari juu yake ili maranda yateleze, na kuacha theluthi nzima ya chini kwa mchanga, mkavu safari hii.

Urefu wake ulifuata kanuni ya wakereza, kwamba mhimili uwe sawa na kiwiko cha anayesimama, kwani ukiwa chini mgongo huinama na ukiwa juu mabega hupanda. Kiwiko cha fundi kiko sentimita 106 kutoka sakafuni. Mwanagenzi wa sasa, msichana ambaye mkono wake ni mwepesi kuliko wa mwalimu wake, alisimama mbele ya mashine siku ya kwanza, akainua patasi hadi kifuani, akasema, "Mzee, hii ilijengewa wewe." Kiwiko chake kiko 96. Ameundiwa jukwaa la mvule la sentimita 10, lililotokana na mguu mmoja wa stendi ya Malaba, na fundi akitaka kukereza hulisukuma kwa mguu hadi ukutani, kisha akimaliza hulirudisha.