Sukari Ndani ya Tangi

Katika bonde letu la Kilombero, kuanzia Kidatu hadi kuelekea Ifakara, sukari si kitu kigeni. Mashamba ya miwa yametuzunguka, na msimu wa kuchoma miwa ukifika, majivu meusi hupeperuka mpaka yakatua kwenye nguo tulizoanika. Pengine ndiyo sababu gari la mtu likianza kuzimika ovyo, wazo la kwanza linalomjia mwenyewe ni kwamba adui amemtilia sukari ndani ya tangi la mafuta. Dai hilo nimelisikia kwa wenye malori na wenye matrekta, na siku hizi nalisikia kwa vijana wa bodaboda. Wanaolitoa huamini kuwa sukari huyeyuka katika petroli, ikasafiri hadi kwenye injini, ikageuka gundi na kuiua.

Ukweli ni mwingine. Sukari huyeyuka katika maji. Katika petroli haiyeyuki kwa kiasi cha kutajika. Mwaka 1994 Profesa John Thornton wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, nchini Marekani, alilipima jambo hilo kwa sukari iliyotiwa alama ya kaboni yenye mnururisho. Aliona kwamba galoni 15 za petroli, yaani kama lita 57, haziyeyushi hata kijiko kimoja cha chai. Sukari iliyobaki hukaa chini ya tangi kama mchanga. Yaweza kuziba chujio, na kama chini ya tangi kuna maji, yaweza kuyeyuka humo ikaleta usumbufu. Lakini ile injini iliyogandishwa kwa gundi ya sukari ni hadithi tu.

Sisi hapa Sanje tulilijua jambo hili miaka 11 kabla ya profesa huyo, kwa kuwa siku moja ilitubidi tulijue.

Ilikuwa mwaka 1983, nami ni mwalimu mkuu. Mfanyabiashara mmoja wa huku kwetu alikuwa na Land Rover ya petroli iliyokuwa tegemeo la vijiji kadhaa. Ilibeba mpunga na ndizi, na usiku ilibeba wagonjwa kwenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko kule Ifakara. Gari hilo likapatwa na ugonjwa wa ajabu. Lilikwenda vizuri kilomita chache, kisha likakosa nguvu na kuzimika. Dereva alifungua boneti, akagusa hiki na kile asione kitu. Baada ya dakika kumi alijaribu tena, likawaka kama halijawahi kuumwa. Usiku mmoja lilizimika mara nne likiwa limembeba mama mwenye uchungu. Mama yule alijifungulia kando ya barabara, kwa mwanga wa kurunzi. Tunamshukuru Mungu, yeye na mtoto walisalimika.

Kulipokucha watu walikuwa wamekwisha kumpata mkosaji. Wiki tatu nyuma, mwenye gari alikuwa amemfukuza utingo wake, kijana wa miaka 19, baada ya kubishania mshahara wa miezi miwili. Kijana aliondoka na hasira, akasema mbele za watu, "Gari hili halitakufikisha mbali." Maneno ya mdomo ni kama mshale, ukishatoka haurudi. Tena ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi ulioongozwa na Waziri Mkuu Edward Sokoine, na neno "mhujumu" lilikuwa zito kuliko "mwizi". Mara likatoka kinywani mwa mtu: kijana amehujumu gari la wananchi, ametia sukari.

Baba yake mdogo alinikuta shuleni, anahema. "Mwalimu, njoo upesi. Watammaliza mtoto."

Nilimkuta kijana amekalishwa chini ya mwembe, shati limechanika, na wanaume wapatao 30 wamemzunguka, wengine wana fimbo. Nilimfundisha darasa la tano hadi la saba, na alikuwa mbishi, sikatai. Niliwasalimu wazee kwanza, kisha nikamwambia mwenye gari, "Mzee wangu, sikuja kumtetea mtu. Naomba dakika 20 tu, na chupa mbili."

Sukari yenyewe ilikuwa shida kuipata. Mwaka ule ilikuwa adimu madukani, hata kwetu tulioishi katikati ya miwa, na mama mmoja alinipa vijiko viwili kwa masharti kwamba nitarudisha. Mzee mmoja akacheka, akauliza ni nani aliyekuwa na sukari ya kumwaga kwenye tangi wakati watoto wanakunywa uji wa chumvi. Kicheko kile kilisaidia kuliko hotuba yoyote.

Nilitia kijiko kimoja katika chupa ya maji, na kingine katika chupa ya petroli, mbali na wavuta sigara. Nikawapa wenyewe watikise. Katika maji sukari ilipotea. Katika petroli ilizunguka, ikatua chini, nyeupe vilevile. Tulichuja petroli kwa kitambaa, tukaanika kitambaa juani, na punje zote tukazikuta. Nikawaambia: kama sukari imo, basi bado imo. Haina mahali ilipokwenda. Tangi lifunguliwe.

Fundi aliyeitwa alijua kazi yake. Alilisukumiza gari uwanjani, mbali na majiko, akafungua waya wa betri, na kwanza akatazama kikombe cha kioo kinachokinga uchafu wa mafuta. Hakikuwa na punje hata moja. Kisha akafungua nati iliyo chini ya tangi, akakinga petroli kwenye madumu, akalishusha tangi. Alipitisha waya wenye ndoano kwenye tundu la kipimo cha mafuta, akapapasa kwa muda, akavuta. Lilitoka tambara la kaniki, kubwa kama viganja viwili, limelowa na kuwa laini kama utumbo.

Mdomoni mwa tangi, mahali pa kifuniko, kulikuwa na gunzi la mahindi. Hapo dereva aliinamisha kichwa. Kifuniko kilipotea njiani, siku chache baada ya utingo kufukuzwa. Yeye akaziba kwa tambara. Barabara mbovu ikalisukuma tambara likazama. Yeye akadhani limedondoka njiani, akatia gunzi, asimwambie mtu. Na asubuhi ile alikuwa miongoni mwa waliopaza sauti zaidi.

Ugonjwa wote ukaeleweka. Pampu ilipovuta petroli, ilivuta na tambara likabana mdomo wa bomba la ndani ya tangi. Mafuta yakakatika, gari likazimika. Injini ikishatulia, mvuto huisha, tambara linaachia na kuelea kando. Ndiyo maana baada ya dakika kumi liliwaka. Hitilafu inayokuja na kuondoka hufanana sana na hila ya mtu, kwa sababu huonekana kama ina nia.

Ndugu msomaji, kama kitu kimetumbukia katika tangi lako, iwe ufunguo, kizibo au jiwe alilotia mtoto, fuata njia ya fundi yule. Usiendelee kuendesha kwa kutumaini kwamba kitatulia. Usichungulie kwa kiberiti wala koroboi. Usinyonye petroli kwa mdomo, maana ikiingia mapafuni hata kidogo huweza kuua. Sumaku iliyofungwa kamba huokoa kitu cha chuma, lakini ufunguo wa shaba haitaunasa. Tangi la bodaboda ni dogo, hufunguliwa likamiminwa. Wala usidhani tangi tupu ni salama: mvuke uliobaki humo ni hatari kuliko mafuta yenyewe, na fundi mwenye akili halichomelei kabla ya kulisafisha vizuri na kulijaza maji. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini ukitafuta cheche. Mkoa wetu wa Morogoro hauhitaji kuhubiriwa jambo hili. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha.

Lakini nililotaka hasa kulisema ni dogo zaidi ya hayo. Tangi la mafuta lina nati chini yake. Linaweza kufunguliwa na kutazamwa. Asubuhi ile watu 30 walikuwa tayari kuvunja mbavu za kijana, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amegusa spana. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa majirani zangu, wamekesha na mama aliyejifungulia barabarani, na hofu yao ilitaka jina la mtu. Tambara haliwezi kuombwa radhi wala kupigwa, kwa hiyo halimtoshelezi mwenye hasira.

Mwenye gari hakuomba msamaha hadharani. Siku ya tatu alinipa bahasha yenye mshahara wa miezi miwili nimpelekee kijana, nami nikampelekea. Hakurudi kazini. Alipanda treni ya TAZARA kule Mang'ula, akaenda Makambako kutafuta maisha. Siku ya kuondoka alikuja kuniaga. Alisimama mlangoni na kimfuko chake, akaniuliza, "Shikamoo mwalimu. Na kama siku ile ungekuwa umesafiri?"

Nilimwitikia marahaba. Swali lake mpaka leo sijalijibu.