Ukingo wa Ganeti

Mwaka 1981 nilipanda Mlima Kigali kwa miguu kutoka Nyamirambo pamoja na mzee aliyekuwa akinifundisha kazi. Yeye alishika nyundo, mimi nilibeba mfuko wa turubai. Karibu na kilele alisimama kwenye ubao mpana wa mwamba mweupe, akaufuta vumbi kwa kiganja. Mwamba ulikuwa na mikunjo midogo iliyopangana kama mchanga wa ziwani maji yakishakupwa. Akaniambia niipapase. Kisha akapiga pembe ya ubao ule mara mbili, kipande cha ukubwa wa ngumi kikaruka, akakitia mfukoni.

Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Mawe kama yale yalikuwa chini ya msingi wa nyumba yetu Biryogo, na sikuwahi kuwaza kwamba yalikuwa mchanga wa ufuko wa bahari ya kina kifupi.

Kazi yetu ilikuwa kuyafanya mawe yapitishe mwanga. Unakata jiwe kwa msumeno wa duara wenye ukingo wa almasi, unaligandisha kwenye kipande cha kioo, kisha unalisaga kwa unga wa kaborandamu na maji hadi libaki unene wa milimita 0.03. Hapo hata jiwe jeusi linaangaza. Kigali tulikiita kipande hicho lamu, kwa mazoea ya Kifaransa. Hakuna kifaa tulichotumia kupima unene. Tulipima kwa punje za kwatsi: chini ya hadubini, kati ya vioo viwili vya kuchuja mwanga, kwatsi nene huonekana ya manjano, ikifika unene unaotakiwa hugeuka kijivu cheupe. Hatua chache za mkono baada ya hapo, lamu imekwisha, umebaki na kioo kitupu. Mzee hakungoja kuona rangi. Aliinamisha kichwa na kusikiliza. Unga mbichi hukwaruza, ukishalainika hunong'ona, na jiwe likikaribia kuisha sauti hubadilika tena. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuisikia sauti hiyo ya tatu.

Sampuli nyingi zilitoka migodini, hasa Rutongo kaskazini mwa mji: mishipa ya kwatsi yenye gasegereti, jiwe la bati. Nyingine zilikuwa shisti za mabondeni na kwatsaiti za vileleni. Ukutani palikuwa na ramani kubwa, na juu yake ukanda mmoja wa rangi ulioanza Katanga, ukapita Burundi na Rwanda, ukaingia Karagwe hadi kusini mwa Uganda. Uliitwa Kibara, kwa jina la milima ya kule Katanga. Tulifundishwa kwamba hayo ni mabaki ya safu moja ndefu ya milima iliyosimama hapa zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, ikaliwa na mvua hadi ikabaki mizizi yake. Mzee aliisadiki ramani ile. Nami pia.

Oktoba 1985 baraza la kimataifa la bati lilianguka, bei ikaporomoka, na SOMIRWA, kampuni ya migodi ya Rwanda, ikafilisika mwaka huohuo. Sampuli zikaacha kuja. Mwaka 1987 nilimfuata mjomba wangu Dar es Salaam, nikapata kibarua cha kukata mawe kwa ajili ya wanafunzi wa jiolojia pale Mlimani. Huko lamu iliitwa seksheni. Mkono ulikuwa uleule.

Mzee aliuawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, yeye, mkewe na wanawe wawili. Binti mmoja alinusurika. Mimi nilikuwa Dar es Salaam. Habari zilinifikia Agosti, nikiwa kazini, na siku ile sikuweza kusaga kitu.

Safari ninayotaka kuisimulia ilikuwa mwaka 1996. Mwalimu mmoja, mama mpole ambaye wanafunzi walimwogopa kwa sababu alikumbuka kila kitu, aliomba nifuatane nao Iringa nikate mawe hukohuko kambini. Tulishuka kutoka Iringa kwa barabara ya Dodoma hadi Isimani. Watanzania wa umri wangu wakisikia jina hilo hukumbuka mahindi, tena humkumbuka Dkt. Klerruu, mkuu wa mkoa aliyeuawa pale siku ya Krismasi ya 1971. Mbele ya hapo nchi inaanza kukauka, mibuyu inaongezeka, na bonde la Ruaha Mkuu linafunguka kuelekea Mtera. Huko ndiko kuna kilima kinachoitwa Yalumba.

Kwa mbali hakikuwa na cha kumvuta mtu. Mawe yake yalikuwa ya rangi ya kutu, yenye vipele juu kama ngozi ya mtu mwenye surua. Nyundo ilipoligonga jiwe la kwanza ilirudi na kunitikisa bega. La pili lilipasuka, nami nikanyamaza. Ndani lilikuwa la kijani kibichi kilichofifia, limejaa punje nyekundu za mviringo, nyingine kubwa kama punje ya mtama, nyingine kama harage. Nilikuwa nimekata mawe zaidi ya miaka kumi na sikuwahi kuona jiwe la namna ile. Nililipima kiganjani, likawa zito kuliko macho yalivyotarajia. Graniti ya ukubwa uleule ningeirusha na kuidaka. Hili lilitaka mikono miwili.

"Hii inaitwa eklogaiti," mwalimu alisema. Jina hilo lilitolewa na Mfaransa René Just Haüy mwaka 1822, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kuchaguliwa. Punje nyekundu ni ganeti, na ule ukijani ni omfasaiti.

Akatuketisha chini ya mbuyu, akatueleza. Jiwe hili lilizaliwa likiwa basalti, lava nyeusi ya kawaida, kwenye sakafu ya bahari. Kemia yake bado inafanana na ya basalti inayotoka leo kwenye matuta ya katikati ya bahari. Kisha bamba la sakafu ile likapinda na kuzama chini ya bara. Kina kikiongezeka, madini ya basalti hushindwa kuvumilia mgandamizo. Feldspa, ambayo imejaa katika mawe mengi ya juu, huvunjika kabisa, na vilivyokuwa ndani yake hujipanga upya kwa namna inayobana nafasi ndogo: ganeti na omfasaiti. Ndiyo sababu ya uzito ule. Tena uzito huo wenyewe hulivuta bamba lizidi kuzama.

Mwaka uliotangulia, 1995, Andreas Möller na wenzake Peter Appel, Klaus Mezger na Volker Schenk walikuwa wamechapisha vipimo vyao vya mawe ya huko. Mgandamizo wa kilobari 18 hivi, yaani angahewa elfu kumi na nane zilizowekwa juu ya jiwe. Joto la nyuzi 750. Kina cha zaidi ya kilomita 60. Umri wa miaka bilioni 2. Wakati huo wataalamu wengi walishuku kwamba dunia ya zamani hivyo ilikuwa na joto mno hata mabamba yasiweze kuzama kama yanavyozama leo. Eklogaiti hizi, za ukanda wa miamba unaoitwa Usagara, zilikuwa miongoni mwa za kale zaidi kujulikana, nazo zilisema yalizama. Baadaye, mwaka 2018, Camille François na wenzake walitangaza nyingine zenye umri mkubwa kidogo kutoka Kongo. Lakini mchana ule chini ya mbuyu, jiwe lililokuwa mapajani mwangu lilikuwa limebeba hoja nzima.

Usiku niliwasha jenereta nikalikata. Hapo ndipo nilipokosea. Ganeti ni ngumu kuliko omfasaiti, kwa hiyo ukisaga kwa pupa punje nyekundu hubaki zimesimama na ukijani hung'oka pembeni mwake. Nilisikiliza sauti kama nilivyozoea, lakini sauti ya jiwe lile sikuijua. Niliingojea ile ya tatu, haikuja. Nilipoinua kioo, ganeti zilikuwa visiwa, na kati yake mashimo. Nilimpelekea mwalimu nikamwambia nimeliharibu. Aliangalia kwa muda, akasema, "Kaka, nyuma yako kuna kipande kingine. Mwendo wa pole." Ile iliyoharibika niliifunga kwenye karatasi nikaiweka mfukoni mwa shati.

Ya pili niliimaliza alfajiri. Kwenye mwanga wa kawaida ganeti zilikuwa na rangi ya waridi iliyopauka, karibu kama maji. Ukiweka kichujio cha pili, ganeti hufa: huwa nyeusi tii upande wowote unaozungusha kioo, huku vitu vingine vyote vikiwaka rangi. Mwalimu hakunionyesha ganeti wala omfasaiti safi. Aliusogeza ukingo wa punje moja katikati ya lenzi na kusema, "Soma hapa."

Kandokando ya ganeti palikuwa na kola nyembamba ya kijani kizito, na nje ya kola omfasaiti ilikuwa imeliwa. Ilikuwa imegeuka michirizi midogo iliyosukana, mithili ya njia za mchwa ndani ya ubao, nyuzi za madini mapya zikipishana na nyuzi za feldspa. Ile feldspa iliyokuwa imekufa kule chini ilikuwa imerudi. Jiwe lilipopanda, mgandamizo ulilegea na madini ya kina yakaanza kufumuka. Kama lingepanda polepole, likae na joto lake njiani, yote yangefumuka na sisi tusingejua kwamba liliwahi kushuka. Ukingo ule ulikuwa kazi iliyokatizwa katikati. Mwaka 2004 Alan Collins na wenzake walionyesha, kwa kupima umri wa punje za zirkoni, kwamba kutoka kilele cha mgandamizo hadi kurudi juu ilipita miaka milioni chache tu. Katika hesabu za miamba huo ni mwendo wa haraka sana.

Nimeona lamu nyingi tangu hapo. Hakuna iliyonikaa kama ukingo ule. Wanafunzi hupenda ganeti kwa sababu ni nzuri. Mimi nawaambia ganeti hueleza kina tu, safari nzima imeandikwa pale palipochakaa.

Nilirudi Kigali mwaka 2001. Nilikwenda kuuliza masanduku ya lamu ambayo mzee na mimi tulitengeneza, mamia kwa mamia, kila moja na namba na jina la mahali kwa mwandiko wake wa kuinamia kushoto. Ofisi iliyokuwa ikiyatunza ilikuwa imehama jengo, na wakati wa kuhama masanduku yalichukuliwa kuwa vioo vilivyovunjika, yakatupwa pamoja na kifusi. Aliyenieleza alikuwa kijana mwenye adabu na hakuwa na kosa. Lakini niseme wazi: jambo lile liliniuma na linaniuma. Jiwe unaweza kwenda kulichukua tena mlimani. Mkono uliolisaga huupati.

Kisha mwaka 2010 ramani ya ukutani nayo ikaanguka. Luc Tack wa jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, pamoja na wenzake, walichapisha umri mpya wa miamba yetu. Ukanda mmoja wa Kibara haukuwepo. Kuna Kibara ya Katanga, na kuna ukanda wetu, ambao waliupa jina la Karagwe na Ankole, na kati yao unapita mgongo wa miamba ya kale zaidi, wa Ubende na Rusizi. Zaidi ya hapo, lile tukio kubwa la miaka milioni 1,375 iliyopita, tulilofundishwa kuwa ni kuinuka kwa milima, lilikuwa kinyume chake: ardhi ilikuwa ikivutwa na kutanuka, graniti na miamba myeusi ikipanda kwa pamoja kwenye nyufa. Kukunjwa kulikuja baadaye sana, miaka kama bilioni moja iliyopita, na graniti zilizotuletea gasegereti zikafuata.

Niliisoma taarifa hiyo jikoni, Mlima Kigali ukiwa dirishani. Nilitamani kumsomea mzee. Angebisha kwanza, najua. Halafu angeomba lamu.

Maana jibu lilikuwa mikononi mwetu muda wote, kwa sehemu. Mawe ya Kigali hayana mgandamizo ule wa Yalumba. Ni shisti za mika na kwatsaiti zilizokunjwa na kupashwa moto wa wastani. Lingekuwa limefika kilomita 60 chini, jiwe lisingebaki na mawimbi ya ufukweni mgongoni mwake.

Mwaka jana binti wa mzee aliniita nyumbani kwake Kicukiro. Alikuwa amefungua mzigo wa zamani uliohifadhiwa na jirani, akakuta kioo kimoja kimefungwa kwenye leso. Mwandiko ulikuwa wa kuinamia kushoto: Mlima Kigali, 1981. Alitaka kunipa. Nilimwambia hapana, mama, hicho ni chako; nikamwomba anikopeshe kwa siku moja.

Kesho yake nilipanda mlima na mjukuu wangu, nikipumzika mara nyingi. Siku hizi kuna msitu uliopandwa na njia za watembezi, nilizunguka karibu saa nzima kabla ya kuuona ubao ule. Pembe moja imemeguka. Kovu lake limeshapata madoa ya kijivu kama mwamba mwingine wote, lakini kingo mbili za pigo la nyundo bado ni kali. Niliuweka mkono wa mtoto kwenye mikunjo ya mchanga, nikatoa kioo kwenye leso, nikakiinua kuelekea jua.