Utalipwa Lini?

Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya, likizo ndefu huanza Mei na kuisha mwishoni mwa Agosti. Inaitwa likizo kwa sababu madarasa yamefungwa, basi. Mwenye nyumba hayuko likizo. Salio la karo pia haliko likizo. Unaingia kwenye tovuti ya chuo usiku na unalikuta palepale ulipoliacha. Kwa wengi wetu tuliotoka mashambani, neno hilo lina maana moja tu: miezi minne ya kutafuta pesa ya kurudi.

Mimi sikurudi. Nilitoka chuoni 2019, nikiingia mwaka wa tatu, na nikisema hivyo watu hutarajia mojawapo ya hadithi mbili. Ama nilikuwa mvivu, ama nilihangaika nikakosa kazi. Hakuna iliyo yangu. Kazi nilipata, nikaimaliza, na kwa hesabu pesa ilitosha karo na kubaki shilingi 500. Nataka kuieleza hesabu hiyo, kwa sababu sijasikia mtu akimweleza mwanafunzi kabla hajaanza kutafuta.

Kwetu ni Trans Nzoia, nje kidogo ya Kitale. Huko ni mahindi. Yanapandwa mvua ikianza, Machi kuingia Aprili, na kuvunwa kuanzia Oktoba. Sasa angalia likizo inaangukia wapi. Mei na Juni ni palizi na mbolea ya kukuzia, miezi ambayo shamba linameza pesa. Ukimwomba mzee karo Agosti, atakuonyesha mahindi yaliyosimama, marefu kukushinda, na atakwambia ukweli mtupu: pesa iko, lakini bado mbichi.

Basi unatafuta kibarua, na unagundua hata kutafuta kuna bei. Kazi nyingi za ofisini nilizoziona zilitaka cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na hicho kilikuwa shilingi 1,050, kabla hujajua kama utaitwa. Wenzangu wengine walikuwa kwenye atachimenti, yale mafunzo ya kazini ambayo kozi nyingi zinadai, wakijilipia nauli kwenda kufanya kazi bila mshahara. Halafu kuna bahati ya mwaka. Uchaguzi mkuu huja Agosti kila baada ya miaka 5, sensa kila baada ya miaka 10, na vijana wengi hupata siku chache za ukarani hapo. Mwaka wangu ulikuwa wa sensa, lakini watu walihesabiwa kuanzia usiku wa tarehe 24 Agosti, likizo ikiwa mkiani.

Nikaanza na mjengo. Kazi ya mjengo haiombwi kwa barua. Unafika getini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, unasimama na wengine, na fundi anatoka kuangalia viatu na mabega.

"Nani amekutuma?" aliniuliza. Nikataja binamu yangu.

"Sepetu unaijua?"

"Naijua."

"Na hiyo simu utaiweka wapi?"

Watu wakacheka, nikaingia. Kufika saa nne walikuwa wameshanibatiza Profesa.

Mtu wa mkono alilipwa 400 kwa siku. Unabeba mawe, unakoroga saruji na kokoto, unapandisha karai juu. Wiki ya kwanza hata kushika kijiko ilikuwa shida. Lakini saa kumi na moja jioni fundi alifungua daftari, akaita jina, akakupa noti mkononi. Kila siku. Baada ya wiki tano, nikitoa chakula, nauli na kidogo cha mama, nilikuwa na 7,600. Chuoni nilidaiwa 33,500, malimbikizo pamoja na ya mwaka mpya.

Mapema Julai ujumbe ukaingia kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa. Shirika fulani la utafiti lilitaka wakusanyaji wa data wanaoongea Kiswahili na Kibukusu. Siku 22, shilingi 1,200 kwa siku. Niliandika hesabu kwenye mfuko wa saruji kwa penseli ya fundi: 26,400 na 7,600 ni 34,000.

Nilipomuaga fundi aliniuliza swali moja. "Profesa, hao watakulipa lini?"

"Mwisho wa kazi."

"Mwisho wa kazi ya nani?" Akageukia ukuta wake.

Usidhani ningebaki mjengoni ningefika. Kwa mwendo ule, wiki nane zilizobaki zingeniongezea kama 12,000, na jumla isingefika 20,000. Na hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Kibarua kinacholipa kwa wakati hakitoshi. Kinachotosha hakilipi kwa wakati.

Kazi yenyewe niliipenda. Tulizunguka vijiji vya Bungoma upande wa Mlima Elgon, tableti mkononi, nyumba hadi nyumba. Ng'ombe wangapi? Mbolea mifuko mingapi? Katika miezi 12 iliyopita, kuna wakati nyumba hii ilikosa karo? Kukhu mmoja aliponijibu ndiyo, aliniangalia nikibonyeza, akauliza, "Na yako, mwanangu, unaiandika wapi?" Nilicheka. Tableti haikuwa na nafasi hiyo.

Tulimaliza mwanzoni mwa Agosti. Ndipo nikajifunza kwamba data husafishwa. Ikishasafishwa hukaguliwa, ikishakaguliwa mtu fulani hutia sahihi, na mtu fulani alikuwa safarini. Msimamizi wetu alikuwa mpole kila nilipopiga simu. "Malipo yako njiani, kaka." Kandarasi tulikuwa tumeitia sahihi, lakini hakuna aliyebaki na nakala. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 18, inasema aliyeajiriwa kwa kipindi kisichozidi mwezi hudai mshahara wake kipindi kile kikiisha, na kibarua wa siku hudai jioni ileile. Sikuwahi kuisoma wakati huo. Fundi naye sidhani aliisoma, ila alikuwa akiitii.

Septemba nilipanda gari kwenda chuoni na 7,600. Mama wa dirishani hakunifokea. Aligeuza kompyuta nione mwenyewe. "Kijana, hii mashine haikubali ahadi." Bila kulipa hakuna usajili, bila usajili hakuna kadi ya mtihani. Akanipa fomu ya kuahirisha mwaka, na kalamu.

Tarehe 4 Novemba simu ikalia. Shilingi 26,400, kamili. Hawakunikata hata senti. Wiki hiyohiyo nyumbani tulikuwa tunapukuchua, na mzee akauza magunia ya kwanza. Kwa mara ya kwanza mwaka huo, pesa zote za karo zilikuwa chini ya paa moja, na chuo kilikuwa kimenifungia mlango hadi mwaka unaofuata.

Nilinunua laptopu ya mtumba kwa 18,000 nikaanza kuandika vitu vidogo vidogo vya kulipwa. Machi 2020 vyuo vyote vikafungwa kwa sababu ya korona. Vilipofunguliwa nilikuwa na wateja watatu, na mdogo wangu alikuwa karibu kuhitaji karo yake. Mtu akiniuliza niliacha chuo lini, huwa nasema Septemba, lakini kusema kweli sijui siku. Hakuna asubuhi niliyoamka nikaamua.

Tunapowaambia vijana wasichague kazi, tunawaambia nusu ya habari. Karo ina tarehe, mahindi yana tarehe, na kazi ya likizo ina yake, ambayo aghalabu haiandikwi kwenye tangazo. Tangazo litataja umri, elimu na lugha, na wakati mwingine pesa ni ngapi. Siku ya kulipwa utaijua baadaye. Mwajiri angeiandika, ingemgharimu mstari mmoja. Na chuo kinachoweza kumtumia mwanafunzi ujumbe wa deni saa sita usiku kinaweza pia kumsajili kwa malipo ya awamu, alipe Novemba. Wenye mahindi wangekielewa.

Mdogo wangu sasa yuko mwaka wa pili. Mei alinipigia akiwa na furaha, amepata kazi ya kugawa sampuli za sabuni kwenye masoko.

"Kaka, wamesema 900 kwa siku! Na chakula!"

"Vizuri sana. Utalipwa lini?"

Kimya. Nikasikia matatu ikipiga honi upande wake.

"Aki sikuuliza. Ngoja niwapigie," akasema, akakata simu.