SUNBURST: BENDI YETU TULIYOWAACHIA WAZUNGU WAIPENDE

Ukitaka kumkasirisha mzee wa Kitanzania, mwambie bendi yake ilikuwa ya kawaida tu. Hapo hata kama mlikuwa mnakunywa chai pamoja, chai itapoa. Nchi hii ina watu wa Msondo na watu wa Sikinde, na kila upande una hoja zake tangu enzi hizo. Vijana wa leo nao wana ya kwao, Kiba na Diamond, lakini ugomvi ni uleule.

Mimi ugomvi wangu ni wa bendi ambayo hata wagombanaji wenyewe hawaikumbuki. Inaitwa Sunburst. Kama hujawahi kuisikia, msomaji wangu, usione haya, uko na wenzako wengi. Ilikuwa bendi ya Dar es Salaam ya mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikipiga muziki wa roki uliochanganywa na midundo ya kwetu, mtindo wenyewe wakauita Kitoto. Mwimbaji alikuwa James Mpungo, gitaa alikung'uta Hembi Flory Kongo aliyetokea Kongo, besi Bashir Idi Farhan, na Johnny Rocks Fernandes na Kassim Magati nao walikuwamo. Angalia hayo majina vizuri. Mkongo na Waswahili, wote jukwaani pamoja. Hiyo ndiyo Dar ya wakati huo, asikwambie mtu.

Sasa utauliza, mtoto wa Pito, huku Sumbawanga, Sunburst umeijulia wapi? Nimeijulia kwa ba'mdogo.

Sisi watu wa Ufipa, bwana, Dar ni mbali. Ni zaidi ya kilomita 1,000, na zamani kabla ya lami ya Tunduma ulikuwa unafika ukiwa umechakaa kama gunia. Zambia ndiyo jirani. Unateremka kwa Matai, unapita Kasesya, Mbala hiyo hapo. Wazee wetu wengi walitafuta maisha huko kwenye migodi ya shaba na mijini. Ba'mdogo naye alikwenda akiwa kijana, akafanya kazi Lusaka, akarudi Pito na vitu vitatu: koti la ngozi, Kibemba cha kutosha, na santuri moja ya Sunburst inayoitwa Ave Africa. Koti lilikwisha kuchanika zamani.

Santuri hiyo ilitoka Zambia mwaka 1976, na hapo ndipo palipo na kisa cha kwa nini wenzetu hawa walisahauliwa. Bendi zilizodumu nchini zilikuwa na baba. NUTA Jazz ilianza mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 baadaye ilikuja kukaa chini ya DDC, shirika la maendeleo la jiji. Urafiki walikuwa na kiwanda cha nguo. Vyombo ni vya mwajiri, mshahara ni wa mwajiri, na nyimbo zikirekodiwa Radio Tanzania zinapigwa asubuhi, mchana na jioni mpaka mtoto wa chekechea anazijua. Sunburst walikuwa vijana wa mjini wasio na kiwanda wala chama nyuma yao. Walirekodi Radio Tanzania, ndiyo, lakini santuri yao pekee ndefu ikatokea ng'ambo ya mpaka, na bendi yenyewe haikuvuka miaka ya 1970. Bendi ikifa, redio ikinyamaza, basi tena.

Halafu kulikuwa na hili la uhuni. Mwaka 1969 Umoja wa Vijana wa TANU uliendesha Operesheni Vijana, wakipambana na sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Mwaka huohuo muziki wa soul ukapigwa marufuku kwenye madansi ya Dar. Kijana aliyeshika gitaa la umeme akalilisha kama Mmarekani alikuwa anaangaliwa kwa jicho la pembeni. Mtu angesema hawa wanaiga Wazungu. Lakini hebu sikiliza Enzi za Utumwani halafu uniambie hapo Mzungu gani kaigwa! Hawa walikuwa wanaimba habari za babu zao waliotiwa minyororo, kwa Kiswahili, juu ya gitaa la roki. Kama huo ni uhuni, basi tulihitaji wahuni zaidi.

Kwa miaka mingi mimi nilikuwa naiona ile santuri juu ya kabati tu, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Gramafoni ilikufa kabla sijazaliwa. Ba'mdogo alikuwa akiimba vipande vyake akiwa anapalilia maharage, na sisi watoto tukidhani anatunga mwenyewe. Mpaka siku moja nikiwa Sumbawanga mjini, nachezea simu, nikaandika hilo jina tu kwa utani. Nusura nidondoshe simu. Kumbe mwaka 2016 kampuni ya Strut ya Uingereza ilikusanya kila walichorekodi vijana hawa kati ya 1973 na 1976, santuri nzima pamoja na za Radio Tanzania, ikaziuza upya duniani. Watu wa Ulaya wanaandika humo kwamba hii ni dhahabu. Sisi wenye dhahabu tuko Pito tunapalilia maharage.

Basi nikanunua spika ndogo ile ya kuchaji, nikapanda bodaboda. Jioni hiyo tulikaa nje ya nyumba ya ba'mdogo watu wanne: yeye, mwalimu mmoja mstaafu ambaye ni Msondo damu, dereva wa lori anayependa rege, na mimi. Binti yake ba'mdogo alikuwa ndani anapika, lakini masikio yalikuwa nje. Ilikuwa Juni, na baridi ya Juni ya kwetu unaijua au unaisikia. Mtu anaongea mvuke unatoka.

Nikaanza na Banchikicha. Mzee hakusema kitu. Aliinamisha kichwa, mguu mmoja ukaanza kugonga chini taratibu. Mwalimu akakunja uso.

"Hii ndiyo mnayotuita tuje kusikiliza?" akauliza. "Mbona fujo?"

"Subiri, mwalimu," ba'mdogo akamjibu. "Wewe umezoea muziki wa kukalia kiti."

Tulisikiliza zote. Tukazirudia. Na nitakuambia ukweli wangu bila kupendelea, maana kupenda bendi si kuifumbia macho. Nyimbo za Kiingereza kama Black Is Beautiful zina moyo, ila maneno yake mengine unahisi yamevaliwa kama suti ya kuazima. Nyimbo za Kiswahili ndizo zenye mwili. Simba Anguruma ikiingia, besi ya Bashir inatembea mbele kama mtu anayeijua njia, gitaa linamfuata huku linalalamika, na kinanda kinajaza mahali ambapo bendi nyingine wangeweka tarumbeta. Hapo ndipo hata mwalimu alipoacha kukunja uso. Hakusema amependa. Aliuliza tu, "Huyu wa besi ni nani?" Kwa mtu wa Msondo, hicho ni kiapo.

Nilidhani ba'mdogo atafurahi kupita kiasi. Wapi! Alikuwa na malalamiko.

"Hizi za redio ni nzuri kuliko za santuri," akasema. Mimi nikabisha, maana kwenye santuri sauti imepangwa vizuri zaidi, kila chombo unakisikia. Akatikisa kichwa. "Imepangwa mno. Za redio wanapiga kama wana haraka ya kwenda mahali. Na zote mbili si kitu, mwanangu. Ukumbini wale walikuwa wanyama."

Akatusimulia jinsi alivyowaona Lusaka. Kwamba wimbo wa dakika tatu ukumbini ulikuwa unakwenda robo saa. Kwamba gitaa la Hembi lilikuwa linalia kama paka aliyekanyagwa mkia, halafu ghafla linanong'ona. Kwamba Wazambia, ambao wenyewe walikuwa wamejaa bendi za roki kila mtaa, WITCH, Musi-O-Tunya, Ngozi Family, waliwanyamazia kwanza hawa wageni wa kutoka Tanzania, wakiwapima, na baada ya wimbo wa pili hapakuwa na aliyekaa. Alilipa kiingilio kwa hela ya chakula cha wiki. "Nilishinda njaa siku tatu," akasema, "na ningeshinda tena."

Dereva akauliza kama kuna picha za video. Nijuavyo mimi ni hizo sauti na picha za kusimama. Hapo ndipo penye maumivu ya jambo lenyewe. Tunaweza kukaa Pito tukapima santuri mpaka asubuhi, hii juu, hii chini, lakini lile onyesho lililomfanya mtu ashinde njaa limebaki kwenye vichwa vya wazee wa miaka sabini, na wazee wanapukutika.

Wenzetu Zambia wamefanya nini? WITCH nao walikuwa wamesahaulika vilevile. Santuri zao zikatolewa upya Marekani, mwaka 2012 zikawekwa zote pamoja, mwaka 2019 ikatoka filamu juu yao, na mwimbaji wao Jagari Chanda, mtu mzima aliyekuwa akichimba vito vya thamani kutafuta riziki, akarudi jukwaani. Mwaka 2023 wakatoa santuri mpya, Zango, iliyorekodiwa Lusaka. Babu anaruka jukwaani Ulaya mbele ya vijana wa umri wa wajukuu zake! Najua na huko aliyeanza kugundua alikuwa Mzungu. Lakini angalau mwenyewe alikuwapo akapigiwa makofi.

Sasa sikia mkasa. Habari za spika yangu zilitembea. Haikupita wiki mbili akatokea kijana mmoja wa mjini, mnunuzi wa vitu vya kale, akaulizia "ile sahani". Alisema ana wateja Ulaya wanaotaka nakala za mwanzo. Akaanza na laki mbili. Ba'mdogo akacheka. Yule akapanda laki nne. Ba'mdogo akaacha kucheka, kwa sababu binti yake yule aliyekuwa anapika alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi na ada ilikuwa haijatimia.

Mimi nilikuja juu. Nikamwambia, "Ba'mdogo, usiuze! Hicho ni kitu cha historia, na huyo jamaa ataiuza mara tano." Nilikuwa na hoja nyingi, za utaifa na za urithi, nilizipanga kama mhadhiri. Akanisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa, halafu akaniuliza, "Wewe utalipa ada?"

Nikanyamaza. Mshahara wangu naujua.

Akatoa sharti moja kwa yule mnunuzi: kwanza tuisikilize. Pale mjini kuna fundi wa redio mwenye gramafoni ya mteja ambaye hakurudi kuichukua. Akabadilisha mkanda, akasafisha sindano, tukaenda na santuri tumeipakata kama mtoto mchanga, ba'mdogo, binti yake, mwalimu na mimi. Mnunuzi naye akaja, maana alitaka kujua kama ni nzima.

Haikuwa nzima sana. Upande wa kwanza ulikuwa umepinda kidogo, sindano inaruka, unasikia mstari mmoja mara tatu. Upande wa pili ulikuwa safi isipokuwa ule mkwaruzo wa kawaida, kama mafuta yanayokaanga vitumbua. Lakini jamani, besi! Spika yangu ya kuchaji ilikuwa imenidanganya muda wote ule. Kwenye yale maboksi ya mbao ya fundi, besi ya Bashir ilikuwa inaingia tumboni. Wapita njia wakasimama mlangoni. Vijana wa bodaboda wakauliza huyu ni nani, ni wa Nigeria? Mwalimu akawajibu kwa sauti ya darasani: "Ni wa hapahapa Tanzania. Nyamazeni msikilize."

Nilimwangalia ba'mdogo. Nilitegemea machozi, nikaona anatabasamu huku anamfinya binti yake mkono kila gitaa linapopanda, kana kwamba anamwonyesha mtu anayepita barabarani.

Mnunuzi akalalamikia ule upande uliopinda, akataka kurudi laki tatu. Mwalimu, ambaye wiki tatu kabla aliuita ule muziki fujo, ndiye aliyemkatalia. Alimwambia hii bidhaa sokoni haipo, na kama haitaki tunaondoka nayo. Wakavutana mpaka laki nne na nusu, taslimu, zikahesabiwa pale juu ya meza ya fundi katikati ya nyaya na koili. Binti akazihesabu mara ya pili.

Nikamuuliza ba'mdogo njiani kama haumii. Akasema, "Mimi niliwaona. Huyo anayeinunua hakuwaona. Sasa nani ana hasara?"

Bado sikubaliani naye. Nasema ile santuri ilipaswa kukaa mahali hapa nchini ambapo mtoto wa shule anaweza kuishika. Yeye anasema mahali hapo nimwonyeshe, naye atatafuta nyingine. Kila nikienda Pito tunarudia ubishi huohuo. Binti yuko mwaka wa pili chuoni, na nasikia bwenini kwao anawapigia wenzake Simba Anguruma kwa simu. Nimemtumia zote, na zile za redio nimeziweka mwanzo, kama alivyotaka baba yake.