Nilifungua Nati Isiyo Yake

Nilimwaga oili ya giaboksi nikidhani namwaga ya injini, nikaharibu gari la watu. Kisha nikamdanganya mwenye gari, na huo uongo ndio ulionikosesha usingizi.

Lilikuwa Subaru Forester ya otomatiki, mali ya mama mmoja muuguzi aliyeniamini kwa miaka mingi. Alilileta jioni kwa sevisi ya kawaida, kwa sababu alfajiri angempeleka binti yake shule ya bweni Morogoro. Fundi yeyote aliyelala chini ya Subaru anajua kwamba kule kuna nati zaidi ya moja za kumwagia: ya sampu ya injini iko mbele, ya giaboksi iko nyuma yake, na difu ya mbele nayo ina ya kwake. Nalijua hilo tangu ujana wangu. Lakini giza lilikuwa linaingia, taa ya shimoni imekufa, na mimi naongea na simu. Nikafungua ya nyuma. Haidroliki, yaani oili ya giaboksi ya otomatiki, ikiwa mpya huwa nyekundu, huwezi kuikosea. Ile ilikuwa imekaa mpaka imekuwa nyeusi, na iliyotoka ilikaribia kiasi cha oili ya injini. Nilipofungua filta, oili ilimwagika nyingi kuliko nilivyozoea. Nikafuta tu. Nikajaza lita 4 za oili mpya juu ya ile ya zamani. Stiki sikuichomoa, na kupima ni kazi ya nusu dakika.

Asubuhi mama akanipigia akiwa Mlandizi. "Fundi, gari linanguruma tu, haliendi. Na nyuma linatoa moshi."

Nilielewa papo hapo. Giaboksi ya otomatiki haina nguvu bila haidroliki: ndiyo inayopeleka mzunguko wa injini, ndiyo inayobana klachi za ndani, ndiyo inayozipooza. Ikipungua, klachi zinateleza na kuungua. Upande wa injini, oili ikizidi hivyo krenki huichapa mpaka inatoa povu, na nyingine hupanda kuungua pamoja na petroli. Nilikuwa na maelezo yote hayo kichwani, nikamjibu: "Mama, giaboksi za magari haya zikifika umri huo huchoka. Pole sana."

Tulilivuta kwa bredauni. Usiku, wenzangu walipoondoka, nikapunguza oili iliyozidi kwenye injini. Kijana ninayemfundisha kazi alinishikia tochi. Hakuuliza kitu, nami sikumweleza kitu. Mama akakopa kwenye kikoba chake, akanunua giaboksi ya mtumba Gerezani, nami nikapokea ujira wa kuifunga. Niliupokea kwa mikono miwili, nikashukuru.

Niliogopa kuharibu jina langu. Katika gereji zetu fundi huishi kwa sifa. Mteja mmoja akisema umemharibia gari, kijiwe kizima kinajua kabla ya adhuhuri. Hiyo ndiyo sababu, na siitoi ili nisamehewe.

Muda ukapita. Siku moja kijana wangu alisahau kukaza nati za gurudumu, na mteja akarudi akitetemeka kwa hasira maana gurudumu lilianza kuyumba barabarani. Nikamsikia kijana akimjibu kwa upole: "Mzee, stadi za gari lako zimechoka. Pole sana." Hata sauti aliishusha kama nilivyoishusha mimi. Nilimwomba radhi yule mzee mbele ya kijana, kisha nikamchukua tukaenda kwa yule mama.

Nilimweleza yote, kuanzia nati hadi tochi. Nilitegemea aniulize habari ya pesa. Akaniambia kwamba wiki moja kabla ya ile sevisi, mdogo wake wa kiume aliazima gari lile kwenda msibani. Niliposema giaboksi imechoka, aliamini mdogo wake ndiye aliyeliendesha vibaya. Alimtolea maneno makali mbele ya ukoo, na tangu hapo walikuwa hawasemezani.

Uongo wangu ulikuwa umefika huko bila mimi kujua.

Alichotaka kwanza ni niende kwa mdogo wake nikaseme kwa mdomo wangu mwenyewe. Nilikwenda Jumapili iliyofuata. Alinitukana, na nilistahili. Jioni hiyo alimpigia dada yake simu. Fedha za giaboksi na za ujira namrudishia mama kidogokidogo kila mwezi, na bado sijamaliza.